Makorongo ya Kimberley: Safari Inayopangwa na Maji

Barabara ya Gibb River ina urefu wa kilomita zipatazo 660. Huanzia karibu na Derby, mji mdogo wa pwani ya kaskazini-magharibi ya Australia, hupanda kuelekea mashariki katikati ya eneo la Kimberley, na kuishia kwenye barabara kuu inayounganisha Wyndham na Kununurra. Haikuchongwa kwa ajili ya watalii. Katikati ya karne ya 20 wenye ranchi za bara walihitaji njia ya kupeleka ng'ombe bandarini kwa malori, badala ya kuwaswaga kwa miguu wiki baada ya wiki, na haja hiyo ndiyo iliyoizaa. Ng'ombe wangali wanapita, na wengine hulala katikati ya njia usiku, lakini kuanzia Mei hadi Septemba wanaoitumia zaidi ni wageni waliolipia safari ya kupiga kambi: watu wapatao ishirini ndani ya lori lililofungwa bodi ya basi, dereva ambaye pia ndiye mwongozaji na mpishi, trela la vyakula nyuma, na ratiba ambayo mara nyingi huwa ya siku kati ya tisa na kumi na nne.

Kimberley ina kilomita za mraba 423,000 hivi. Hiyo ni karibu nusu ya Tanzania, na wakazi wake hawafiki 50,000. Jina lilitoka kwa Lodi Kimberley, waziri wa makoloni wa Uingereza, yule yule ambaye jina lake lilipewa mji wa almasi wa Afrika Kusini. Sadfa ikawa sadfa kweli: almasi zilipatikana huku pia, na mgodi wa Argyle, mashariki mwa eneo hili, ulikuwa maarufu duniani kwa almasi za rangi ya waridi hadi ulipofungwa mwaka 2020.

Kampuni za watalii huuza safari hii kwa picha za ardhi nyekundu na vumbi. Picha hizo si za uongo, lakini zinaficha jambo kubwa kuliko yote. Makorongo yalichimbwa na maji, barabara hufunguliwa na kufungwa na maji, na anayeongoza msafara hutumia sehemu kubwa ya akili yake kuyasoma maji: yamefika wapi, yana kina gani, yana nani ndani yake.

Kwa hesabu ya wageni mwaka wa Kimberley una misimu miwili. Kiangazi huanza Mei na kuisha Oktoba. Msimu wa mvua hushika Novemba hadi Aprili. Wenyeji wa asili huugawa mwaka kwa vipindi vingi zaidi, wakifuata upepo, maua na mayai ya wanyama, na kwa msafiri hesabu yao ina manufaa kuliko ile ya mihula miwili. Karibu mvua yote hunyesha kati ya Desemba na Machi, ikiletwa na pepo za monsuni na vimbunga vinavyotoka baharini. Mito iliyokuwa mchanga mtupu hufurika ndani ya saa chache, na barabara hufungwa rasmi. Januari 2023 mabaki ya kimbunga Ellie yaliukalia mkoa kwa siku kadhaa. Mto Fitzroy ukapanda zaidi ya mita 15 katika mji wa Fitzroy Crossing, ukavunja daraja la barabara kuu pekee inayopita hapo, na kukata mawasiliano ya nchi kavu kati ya mashariki na magharibi ya Kimberley. Daraja jipya lilifunguliwa Desemba ya mwaka huo huo.

Msafiri anayechagua tarehe hujikuta kati ya mambo mawili. Akienda mapema Mei, maporomoko yamejaa na yananguruma, lakini vivuko vingine bado havipitiki na greda halijapita. Akienda Agosti, kila njia iko wazi, ila maporomoko kadhaa yamebaki kuwa uzi wa maji, na vumbi limekwisha kuingia hata ndani ya mkate. Mwisho wa Mei hadi mwanzo wa Julai ndio wakati wa kuchagua, kwa mtu mwenye uhuru wa kuchagua.

Kipande cha mwanzo kutoka Derby kimetiwa lami. Baada ya hapo njia ni changarawe na udongo, na magurudumu ya msimu mzima huifinyanga mpaka iwe na migongo midogo midogo iliyopangana kama bati la nyumba. Migongo hii hutokea kila penye barabara kavu ya vumbi na magari ya kasi: gurudumu likiruka kidogo, hutua na kuchimba, likachimba tena mbele kwa umbali ule ule, na gari linalofuata huzidisha. Dereva akienda polepole, gari hutetemeka hadi nati zinalegea. Akienda kasi, tairi hugusa vichwa vya migongo tu na safari hulainika, lakini breki na usukani havishiki vizuri. Waongozaji wazoefu hupunguza upepo wa matairi kabla ya kuacha lami, ili mpira utandazike na kunyonya mtikisiko, na hubeba matairi ya akiba mawili au zaidi. Pancha hapa ni jambo la kila wiki. Mawe ya njia yana ncha kali, na fundi wa karibu anaweza kuwa umbali wa siku nzima.

Gari lenyewe ni lori lenye nguvu katika magurudumu yote, limeinuliwa juu, na bomba lake la kuvutia hewa limepandishwa hadi usawa wa paa ili injini isimeze maji mtoni. Kuna tangi la maji ya kunywa, redio ya kuongea na magari mengine njiani, na simu ya setilaiti, maana ukitoka karibu na miji na vituo vichache mtandao wa simu haupo. Mtu akiugua vibaya hutegemea huduma ya madaktari wa ndege, ambayo Australia iliianza mwaka 1928. Wakazi wa Afrika Mashariki wanaifahamu huduma ya namna hiyo kupitia AMREF, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1957. Ranchi nyingi za Kimberley zina viwanja vyake vya ndege vya udongo, na mwongozaji mzuri anajua kilipo kila kimoja.

Derby yenyewe haina mengi ya kumweka mgeni, isipokuwa mawili. La kwanza ni bahari: maji kupwa na maji kujaa hapa hutofautiana kwa zaidi ya mita 11, kiasi kikubwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya Australia, na mtu wa Mombasa au Zanzibar, aliyezoea bamvua la mita nne, husimama kwenye gati akashangaa. La pili ni mibuyu. Duniani kuna aina nane za mbuyu zinazokubaliwa na wataalamu wengi: sita ni za Madagaska peke yake, moja ni ya bara la Afrika, na ya nane, Adansonia gregorii, huota Kimberley na kipande cha jirani cha Jimbo la Kaskazini tu. Mbuyu wa Kimberley ni mfupi kidogo kuliko wetu, tumbo lake ni nene, na hupukutisha majani wakati wa kiangazi vile vile. Unga wa ndani ya tunda huliwa, na maganda yake huchongwa picha na wasanii wa huko. Namna mti huu ulivyofika upande wa pili wa Bahari ya Hindi bado ni hoja inayojadiliwa.

Nje kidogo ya Derby kuna mbuyu mkubwa wenye uvungu, ambao vibao na vitabu vya wageni viliuita kwa miaka mingi gereza la wafungwa. Watafiti wa historia wamelichunguza dai hilo na hawakupata ushahidi kwamba mtu yeyote aliwahi kufungiwa humo. Kilicho na ushahidi wa kutosha ni kwamba Waaborijini waliokamatwa bara katika miaka ya 1880 na 1890, wengi kwa kosa la kuua ng'ombe wa walowezi, walitembezwa mamia ya kilomita hadi Derby wakiwa wamefungwa minyororo shingoni. Msomaji anayejua njia ya Ujiji hadi Bagamoyo hahitaji maelezo zaidi.

Korongo la kwanza kwa wasafiri wengi ni Windjana. Ili kulifikia, gari huacha barabara kuu na kuelekea kusini hadi safu ya vilima vya Napier, ukuta mweusi unaosimama ghafla kwenye tambarare. Ukuta huo ni mwamba wa bahari wa kipindi cha Devoni, miaka zaidi ya milioni 350 iliyopita, wakati sehemu hii ilipokuwa ukingo wa bahari yenye joto. Viumbe walioujenga hawakuwa hasa matumbawe ya leo. Wengi walikuwa mwani na sponji za aina zilizotoweka. Bahari ikaondoka, mwamba ukazikwa, ukafukuliwa na mvua, na Mto Lennard ukaukata katikati. Korongo lina urefu wa kilomita tatu na nusu hivi, na kuta zake hufika mita 100 mahali pengine. Kwenye kuta za chini mtu anaweza kuona visukuku kwa macho bila kuelekezwa sana. Kusini zaidi, katika mawe ya umri unaokaribiana, alipatikana samaki aliyehifadhiwa pamoja na kijusi chake tumboni. Mwaka 2008 wanasayansi walimpa jina la Materpiscis, ushahidi wa kale sana wa mnyama mwenye uti wa mgongo kuzaa badala ya kutaga.

Kiangazi kikishika, Lennard hukatika na kubaki madimbwi, na mamba hujazana humo. Hapa ni lazima kutofautisha. Mamba wa maji baridi wa Australia ana pua nyembamba, hula samaki na wadudu, mara chache huzidi mita tatu, na asipochokozwa humwacha mtu apite ufukoni. Mamba wa maji chumvi ni mwingine kabisa: hufikia mita tano na zaidi, hupanda mito hadi mbali na bahari, na humwinda binadamu. Aliwindwa kwa ajili ya ngozi mpaka akakaribia kwisha, kisha jimbo la Australia Magharibi likamlinda kuanzia mwaka 1970, na tangu hapo ameongezeka. Swali la kwanza ambalo mwongozaji hujiuliza kwenye kila dimbwi ni kama mamba huyo anaweza kulifikia. Maporomoko marefu chini ya dimbwi ni kinga, kwa kuwa mamba hapandi genge. Ndiyo maana wageni huruhusiwa kuogelea juu ya maporomoko fulani, na wakakatazwa hatua mia mbili chini yake.

Mamba wa Windjana na makorongo ya jirani wamepata adui ambaye hawakuumbiwa kumjua. Mwaka 1935 Australia ilileta kutoka ng'ambo chura mkubwa mwenye sumu, kwa matumaini kwamba angekula mbawakawa wa mashamba ya miwa ya Queensland. Mbawakawa hakuwashughulikia sana. Alizaana na kuenea magharibi mwaka hadi mwaka, na kuingia Kimberley karibu mwaka 2009. Kila alipofika, mamba wa maji baridi na kenge waliomla walikufa. Walinzi wa mazingira wa jamii ya Wabunuba, pamoja na watafiti wa Chuo Kikuu cha Macquarie na serikali ya jimbo, walijaribu dawa isiyotarajiwa: walichukua mizoga ya vyura, wakaondoa sehemu zenye sumu, wakaidunga kemikali ya kutia kichefuchefu, na kuitundika kando ya maji. Mamba aliyekula akatapika, na baadaye akamkwepa chura aliye hai. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2024 yalionyesha kwamba vifo vilipungua sana mahali mafunzo hayo yalipotolewa. Katika mambo yote anayoelezwa mgeni ukingoni mwa Lennard, hili linastahili muda kuliko hesabu ya meno ya mamba.

Kilomita 35 hivi kusini-mashariki mwa Windjana kuna Tunnel Creek, mahali ambapo maji hayakukata mwamba bali yaliutoboa. Ni pango la mita 750 linalopita chini ya vilima kutoka upande mmoja hadi mwingine. Watu huingia na tochi na viatu vya kulowa, hutembea ndani ya maji yanayofika magotini na pengine kiunoni, na katikati hukuta paa limeporomoka na mwanga kuingia. Popo wako wengi, pamoja na mamba mdogo mmoja au wawili ambao mwongozaji huwatangulizia mwanga.

Pango hili ni kaburi la historia ya karibu. Jandamarra, kijana wa Kibunuba, alifanya kazi ranchi na kisha kama mfuata nyayo wa polisi. Mwishoni mwa Oktoba 1894, kwenye kituo cha Lillimooloora, ambacho magofu yake yangali karibu na Windjana, alimpiga risasi askari mzungu aliyekuwa akifanya naye kazi, akawafungua ndugu zake waliokuwa kwenye minyororo, akachukua bunduki na kuanza vita. Kwa zaidi ya miaka miwili Wabunuba waliokuwa naye waliwazuia walowezi kupeleka mifugo yao ndani ya nchi yao, na polisi walijibu kwa kuua watu wengi wasiokuwa na bunduki wala habari. Jandamarra aliyajua mapango haya kiasi kwamba wazungu waliamini hafi. Aliuawa Tunnel Creek Aprili 1897, na mfuata nyayo mwingine mweusi aliyeletwa kutoka mbali. Kichwa chake kilikatwa. Safari zinazoongozwa na Wabunuba wenyewe husimulia habari hii hapo hapo, kwa kirefu. Dereva asiye wa huko husoma alichojifunza, na tofauti husikika.

Baada ya Windjana barabara hupanda milima ambayo kwa miaka 141 iliitwa kwa jina la Leopold. Alexander Forrest, mpelelezi aliyetumwa na serikali ya koloni, aliipita mwaka 1879 na kuipa jina la mfalme wa Ubelgiji kwa heshima ya mapenzi yake kwa uvumbuzi wa nchi za mbali. Mwaka huo huo jumuiya ya mfalme huyo ilikuwa ikianzisha kituo chake Karema, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, hatua mojawapo ya mwanzo kuelekea Kongo. Kongo yenyewe iliondoa jina la Léopoldville kwenye ramani mwaka 1966. Australia ilingoja hadi Julai 2020, ndipo safu hiyo ikatangazwa rasmi kuwa Wunaamin Miliwundi, kwa kuunganisha majina ya jamii za Wangarinyin na Wabunuba. Ramani za zamani bado ziko ndani ya magari mengi, na si kila mwongozaji amebadili ulimi.

Milima si mirefu. Haifiki mita 1,000. Ila mawe yake ya mchanga yana umri wa miaka bilioni 1.8 hivi, kabla wanyama hawajakuwapo duniani, na yana nyufa zinazonyonya mvua na kuitoa polepole kwa miezi. Kwa sababu hiyo vijito vya upande huu hutiririka muda mrefu baada ya mvua kukatika. Korongo la Bell, ambalo wenyeji huliita Dalmanyi, ni maporomoko ya ngazi kadhaa yanayoshuka kwenye dimbwi pana lililozungukwa na miamba myekundu, na kambi yake iko Silent Grove, kilomita chache nyuma. Galvans liko karibu kabisa na barabara: mwendo wa dakika kumi na tano kwa miguu, poromoko dogo, mbuyu juu yake, na ukutani mchoro wa Wandjina, ambao tutawafikia mbele. Adcock, jirani yake, linaweza kurukwa bila majuto Agosti. Manning hudai jasho. Kambi yake iko nyuma ya kituo cha mafuta cha Mount Barnett, katika ardhi ya jamii ya Kupungarri, na njia ya kwenda huanza kwa kuvuka mto, ama kwa kuogelea ama kwa kimashua kinachovutwa kwa kamba. Baadaye ni mwendo wa saa moja kwenye mawe yaliyopashwa jua, katikati ya majani makali na vichuguu, hadi kwenye dimbwi kubwa lenye poromoko upande wa mbali. Anayeanza saa moja asubuhi hulipata tupu.

Maisha ya kambi hufuata jua. Kila mgeni hupewa mfuko wa turubai wenye godoro jembamba ndani, ambao huzibwa kwa zipu, na wengi hulala humo bila hema, kwa kuwa mvua haitarajiwi na mbu ni wachache. Usiku wa Juni na Julai huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10, ingawa mchana umepita 30. Chakula hupikwa juu ya makaa katika masufuria mazito ya chuma yenye mifuniko. Mkate wa unga wa ngano huokwa humo humo, ukiwekewa makaa juu na chini, kama wapishi wa pwani wanavyopalia. Kuni haziokotwi ndani ya hifadhi, hivyo gari husimama njiani kuzikusanya panaporuhusiwa. Vyoo ni vya shimo. Kazi hugawanywa: wa kukata vitunguu, wa kuosha vyombo, wa kupakia trela. Kampuni hukiita hiki kushiriki. Ni njia pia ya kumwendesha mfanyakazi mmoja mahali palipohitaji watatu. Dereva huamka kabla ya alfajiri kuchemsha maji, huendesha mchana kutwa, hutengeneza kinachovunjika, na akilala wengine wote wamekwisha kulala.

Mwezi wa Mei na Juni moshi huonekana upeoni karibu kila siku, na wageni huogopa. Mara nyingi ni moto wa makusudi. Walinzi wa jamii za wenyeji huchoma majani mapema, yakiwa bado na unyevu, ili kuvunja mfululizo wa nyasi kavu ambazo mwishoni mwa mwaka zingeshika moto wa radi na kuteketeza kila kitu.

Njia panda ya Kalumburu, kilomita 410 hivi kutoka Derby, ndipo safari hugawanyika. Kuendelea mashariki ni rahisi. Kukata kaskazini hadi uwanda wa Mitchell ni karibu kilomita 250 zaidi, kupitia ranchi ya Drysdale River, na kipande cha mwisho ni kibaya kuliko chochote kilichotangulia: mawe, mashimo, na kivuko cha Mto King Edward, mahali panapoitwa Munurru. Ardhi hii ni ya Wawunambal Gaambera, ambao haki yao ilithibitishwa mahakamani mwaka 2011, na kila mgeni hulipia kibali kabla ya kuingia. Wapo wasafiri wanaonung'unika. Hakuna anayenung'unika kulipa kiingilio cha Serengeti.

Munurru ina miamba yenye michoro ya enzi mbili zilizo mbali sana. Michoro ya Gwion Gwion ni ya watu wembamba wenye mapambo ya kichwani na mashada viunoni, wakiwa katika mwendo wa ngoma. Joseph Bradshaw, mlowezi aliyeiona mwaka 1891, aliipa jina lake mwenyewe, na walitokea baadaye waandishi waliodai kwamba haikuchorwa na mababu wa Waaborijini. Dai hilo halina msingi. Umri wa michoro hupimwa kwa njia ya ajabu: nyigu wa udongo hujenga viota juu na chini ya rangi, na kaboni iliyomo ndani ya viota hupimwa. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 uliweka mingi ya Gwion kwenye miaka 12,000 hivi iliyopita. Mwaka uliofuata mchoro mwingine wa Kimberley, wa kangaruu, ulipewa umri kati ya miaka 17,100 na 17,500.

Wandjina ni wapya zaidi, na ni wenye enzi. Ni nyuso nyeupe zenye macho makubwa meusi, pua, miale kuzunguka kichwa, bila kinywa. Kwa Wawunambal, Wangarinyin na Waworrorra hao ndio wenye mvua na mawingu. Maelezo yanayosikika zaidi ni kwamba wangepewa kinywa, mvua isingekatika. Michoro hii hufanywa upya na wenye jukumu hilo, kwa hiyo rangi mbichi juu ya mwamba wa kale si uharibifu bali ni utunzaji. Dunia nzima iliwaona mwaka 2000, sura ya Wandjina ilipoinuliwa katika ufunguzi wa Olimpiki za Sydney, kazi ya msanii wa Kiworrorra, Donny Woolagoodja. Anayeijua michoro ya Kondoa, na matambiko ya mvua yanayofanyika Mungomi wa Kolo, atalielewa jambo hili haraka kuliko mtalii wa Ulaya: mahali pa michoro pana wenyewe, na pana kazi.

Kutoka kambini hadi maporomoko ya Mitchell, au Punamii-Unpuu, ni mwendo wa kilomita nne na zaidi, kupitia mikadi, mikaratusi na jamaa za mivumo. Mto hushuka kwa hatua nne kubwa, dimbwi baada ya dimbwi, kila moja likikaliwa, kwa imani ya wenyewe, na nyoka Wunggurr. Kuogelea madimbwi ya chini hakuruhusiwa: kuna Wunggurr, na kuna mamba wa maji chumvi. Wengi huenda kwa miguu na kurudi kwa helikopta, dakika chache za kelele ambazo huonyesha kitu miguu haiwezi kukionyesha, yaani jinsi nyufa za mwamba zilivyonyooka na mto ukalazimika kuzifuata kwa pembe kali.

Karibu na mwisho wa barabara kuna Mto Pentecost, chini ya kuta za milima ya Cockburn. Ni kivuko kipana cha mawe, na maji ya bahari hupanda hadi karibu. Kanuni ya vivuko vingine ni dereva kuteremka, kutembea mtoni na kupima kina kwa miguu yake kabla ya kuingiza gari. Hapa, kwa hofu ya mamba wa maji chumvi, hateremki mtu. Dereva hutazama gari lililotangulia maji yamelifika wapi, huweka gia ya chini, huingia kwa mwendo mmoja bila kubadili, na husimama ng'ambo tu.

Ng'ambo hiyo ni El Questro, ranchi ya zamani iliyogeuzwa mahali pa utalii; sehemu kubwa ya ardhi yake ilirudishwa kwa Wangarinyin mwaka 2022. Korongo la Emma lina poromoko jembamba la mita zipatazo 65 linalomwagikia dimbwi lenye kivuli na baridi ya kukata pumzi. Chemchemi za Zebedee, kinyume chake, ni vijibwawa vya maji vuguvugu chini ya mitende mirefu, na hufungwa kwa umma saa sita mchana ili wanaolipa zaidi wabaki peke yao.

Kununurra, lami inaporudi, ni mji uliozaliwa miaka ya 1960 kwa ajili ya kilimo cha umwagiliaji. Bwawa la Mto Ord lilizinduliwa mwaka 1972, na nyuma yake likaundwa Ziwa Argyle, ambalo likijaa huwa na kilomita za mraba zipatazo 1,000. Chini ya maji hayo yako malisho ya familia ya Durack, waliowaswaga ng'ombe wao kutoka Queensland kuanzia 1883 na kufika 1885. Nyumba yao ya mawe ilibomolewa, ikahamishwa na kujengwa upya mahali pa juu kuwa makumbusho. Makaburi na maeneo matakatifu ya Wamiriuwung, wenyeji wa asili wa hapo, hayakuhamishwa.

Baadhi ya safari huongeza siku mbili au tatu kusini, hadi Purnululu, hifadhi iliyotangazwa mwaka 1987 na kuingizwa kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2003. Kuta za mviringo za jiwe la mchanga zina mistari ya rangi mbili: tabaka zenye udongo mwingi hushika unyevu na kuotwa na bakteria wa kijani-samawati, zikawa nyeusi, zile zinazokauka upesi hubaki na chuma kilichoota kutu. Njia ya kuingia ni kilomita 53 kutoka barabara kuu, yenye vivuko vingi vya vijito, na huchukua saa mbili hadi tatu kwa gari linalofaa. Wasio na muda hupanda ndege ndogo Kununurra asubuhi, huizunguka hifadhi kutoka juu, na hurudi kabla ya chakula cha mchana.